Bastola ya Glock 43 au Glock 19 ya kubeba kiunoni Malindi

Glock 19, kama mkono wako unaishika vizuri. Zote mbili ni milimita 9, ila 19 inachukua risasi 15 na 43 inachukua 6. Na hiyo 43, kwa wepesi wake, inapiga teke kali mkononi ikifyatuliwa, watu wengi wanachoka kufanya nayo mazoezi kisha wanaacha kabisa. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Nasema hivi kwa kuwa nimebeba zote mbili kwenye kazi ya ulinzi hapa Malindi. Kitu kimoja tu kinachoipa 43 nafasi: kaskazi ikishika huvai koti, na chini ya shati jepesi la nje 19 inachora umbo lake ukiinama.

Yoyote utakayochukua, nunua mfuko mgumu wa bastola (holster) unaofunika kifyatulio chote, maana Glock za kawaida hazina kile kitufe cha usalama cha pembeni. Usiichomeke kiunoni hivi hivi, tafadhali. Jasho na chumvi ya bahari vinaleta kutu, kwa hiyo ifute na kuipaka mafuta mara kwa mara. Cheti cha Firearms Licensing Board, bodi ya Kenya ya leseni za silaha, kwanza, lakini, kabla hujalipa hata shilingi dukani.