Hide, conceal na stash siyo kitu kimoja

Mdogo wangu umeuliza kama hide na conceal za Kiingereza ni kitu kimoja, hapana aisee, zinakaribiana tu. Hide ndo ya kila siku, unaficha kitu au unajificha mwenyewe, unasema I hid (nilijificha) inatosha. Conceal ni rasmi zaidi, utaikuta sana kwenye mambo ya polisi na mahakama, tena lazima utaje umeficha nini, huwezi kusema I concealed ukanyamaza, watu watasubiri umalizie. Chukulia jamaa wa mwaloni Kirumba, Mwanza, ana sangara wa chini ya sentimita 50, wale wasioruhusiwa, kawalaza chini kwenye tenga halafu juu kapanga wakubwa, afisa uvuvi akiandika ripoti yake ya Kiingereza ataweka concealed, ila jamaa akiwapigia stori wenzake kijiweni ni hid tu. Sasa akichukua kokoro lake, ule wavu wa kukokota, akalichomeka kwenye matete kule Igombe ili usiku alirudie, hiyo ndo stash, unaficha na hesabu ya kurudi kuchukua, hela na bangi ndo wanazitajia sana hapo. Disguise usiichanganye humo, kitu kipo mbele ya macho ila kimebadilishwa sura. Cover up ni kuficha makosa, kama mabosi na madudu yao, ina ubaya ndani.