Sinthesaiza kwa Filamu Bubu

SWALI: Ninatunga muziki wa sinthesaiza (chombo cha kielektroniki kinachounda sauti) kwa filamu bubu. Kila tukio nimelipatia mdundo wake, lakini walioitazama wanasema inachosha. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, punguza. Katika kazi yangu ya kwanza kila mlango uliofungwa niliupigia ngoma, na waigizaji wakageuka vikaragosi. Nikafuta karibu yote. Chini ya uso wa mwanamke anayesoma barua nikabakiza noti moja nzito ya besi, nikaifungua filta (kichujio cha sauti) polepole kwa sekunde 40, hadi machozi yalipomtoka. Watazamaji walinyamaza kabisa, na mpaka leo naipenda noti ile.

Hakikisha pia kasi ya nakala yako kabla hujatunga zaidi. Filamu bubu hazikuwa na kasi moja: inayochukua dakika 60 kwa picha 24 kwa sekunde huchukua dakika 80 kwa picha 18, na hapo muziki wako wote utapishana na matukio.

Wakikuambia chombo hiki si cha enzi zile, usiogope. Mtunzi wa muziki Giorgio Moroder alikitumia mwaka 1984 kwa Metropolis, filamu ya 1927.