Ami asema ualimu ni kazi ya waliokosa pa kwenda

SWALI: Shangazi shkamoo. Mi nakaa Kisauni hapa Mombasa, nimemaliza fomu foo nikapata C plein. Nataka ualimu tangu zamani ila ami yangu ana ofisi ya kutoa mizigo bandarini, asema niende kwake, ualimu eti ni wa waliokosa pa kwenda. Akaniuliza kwani wautakia nini, nikanyamaza. Ninachojua ni kwamba jioni watoto wa majirani huja barazani kwetu nawafunza hesabu, na siku wasipokuja naona jioni imekuwa ndefu. Hiyo ni sababu kweli ama ni utoto tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo swali hata mi niliulizwa, na babangu, nikamjibu uongo mtupu eti nataka kusaidia jamii, na ukweli ni kwamba ada ya chuo cha ualimu ndiyo pekee aliyoweza kuilipa, halafu nilipenda vile ticha wetu wa darasa la tano alivyokuwa akivaa, buibui limenyooka pasi, chaki haimshiki. Basi, hayo tu.

Kilichonibakisha ni kingine. 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure darasa langu kule Likoni lilifurika, wengine wakikaa chini, na humo mlikuwa na kijana wa darasa la nne hajui kusoma hata neno, lakini mjanja huyo! Mwenzake akisoma yeye ashika yote kichwani, zamu yake ikifika asimama asoma vizuri kabisa na kitabu amekishika kichwa chini miguu juu. Jioni alikuwa akipiga debe stejini pale feri. Nikaacha kile kitabu, nikamwandikia ubaoni Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga, yale anayoyapigia kelele kila siku. Akaangalia weee, halafu akasema, "Ticha, hii si Ukunda hii?" Siku ile nilivuka feri hata sikumbuki nilivukaje.

Kwa hivyo sababu yako ni nzuri kuliko yangu mara mia.

Sasa ami naye hajakosea yote. C plein yatosha diploma ya ualimu wa msingi, miaka mitatu, na chuo kiko hapo Shanzu si mbali na kwenu. Ukitaka digrii ufunze sekondari hapo ni C plasi, na C plasi tena kwa yale masomo mawili utakayofunza. Shida yaja baadaye, wajiandikisha TSC, ile tume inayoajiri walimu wa serikali, halafu wangoja kuajiriwa, na waeza kungoja miaka, huku washikilia kazi ya BOM, yaani bodi ya shule ndiyo yakulipa, pesa kidogo, ama uintani, ualimu wa mkataba wa muda. 2024 maintani wa junia sekondari waligoma wakitaka ajira ya kudumu, walikuwa wakipewa elfu 20 kwa mwezi na bado yakatwa. Kodi ya nyumba Mombasa waijua.

Nami nikuulize kitu. Hapo barazani yuko mmoja ambaye haelewi hata umweleze mara kumi? Huyo wamwonaje, wamchoka ama walala ukimfikiria? Mi wale wepesi niliwapenda lakini hawakunipa kazi, wangesoma hata bila mimi. Kama huyo mzito ndiye umngojeaye zaidi, jaza fomu za chuo.

Na ami usigombane naye, mwambie utamsaidia ofisini hadi chuo kifungue. Ada haiokotwi sokoni Kongowea.