Ndoo ya wanzuki inavuja? Weka supaglu pembeni kwanza

Wakuu habari zenu. Huku Tabora asali ipo, ya Sikonge, ya Urambo, kwa hiyo mtu kuwa na ndoo yake ya wanzuki, yaani pombe ya asali, kwenye kona ya stoo sio ajabu, na shida inayoniletea wageni nyumbani ni ile ile, ndoo inavuja kwenye koki. Ukienda kuangalia unakuta mtu keshazungushia supaglu mpaka pamekuwa peupe na bado inadondosha. Aisee plastiki ya hizi ndoo gundi haiipendi kabisa, inakauka juu juu halafu inabanduka.

Kinachozuia maji pale ni washa, ile pete ya mpira inayobanwa kwenye ukuta wa ndoo, basi. Tredi tepu, ule utepe wa mafundi bomba wa kuzungushia kwenye meno, ni ya bomba linaloingia ndani ya bomba jingine, hapa koki inapita kwenye tundu tupu na nati inaikaza kwa ndani, unaweza ukamaliza roli nzima na maji yakapita tu.

Sasa anza na tundu. Meno ya koki ya nusu inchi yana kama milimita 21 kwa nje, tundu la milimita 22 linatosha. Wengi tunatoboa kwa kipande cha bomba la chuma lililowekwa kwenye mkaa, sio mbaya, ila inaacha plastiki iliyoyeyuka imevimba kuzunguka tundu na washa ikikaa juu ya ule uvimbe hata ukaze vipi itavuja. Kata kwa kisu kikali, piga msasa laini ndani na nje mpaka ukipitisha kidole husikii kitu. Halafu weka washa mbili, moja ndani moja nje, ile ya ndani ndiyo ya muhimu zaidi maana inazuia pombe isifike kwenye tundu lenyewe. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko kwa spana, acha. Ukikaza kwa hasira mpira unatoka pembeni na plastiki inapasuka, hapo umenunua ndoo nyingine. Washa ya kukata kwenye tyubu ya gari mimi naikataa kwa ndani, ile harufu inaingia kwenye pombe. Silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu nayo hapana.

Jaribu kwa maji kwanza, jaza, weka karatasi kavu chini ya koki, lala. Asubuhi karatasi itakwambia.

Kama imeanza kuvuja na asali yako ishachachuka humo ndani, usifungue kuingiza mkono. Ilaze ndoo kidogo, weka kibao chini upande wa koki ili pombe iondoke hapo, kausha vizuri kwa kitambaa, kisha kanda nta ya nyuki mpaka ilainike na uibandike kuzunguka koki kwa nje. Nta haina sumu na huku tunaipata kirahisi, inakuvusha mpaka pombe iive, ila isipate joto.

Kuna uvujaji mwingine watu hawauoni, wa hewa kwenye mfuniko. Mtu ananiambia hamira imekufa maana mpira wa dripu unaotoa gesi kwenye mfuniko, ule uliozamishwa kwenye chupa ya maji, hautoi mapovu, kumbe gesi inatokea ukingoni mwa mfuniko. Bonyeza mfuniko taratibu mapovu yatoke, uachie, maji yatapanda ndani ya mpira. Yakishuka hapo hapo, kuna upenyo. Paka povu la sabuni ukingoni utaona panapochemka, futa, kisha sugua nta kwenye mfereji wa mfuniko. Tundu la kupitishia mpira kwenye mfuniko liwe dogo kidogo kuliko mpira wenyewe, uingie kwa kulazimisha. Hewa ikipata njia ya kuingia, wanzuki inageuka siki, na usije ukaziba kila kitu mpaka huo mpira, gesi isipopata pa kutokea mfuniko utaruka na stoo nzima itanuka.

Maji ya kwenye chupa yawe yaliyochemshwa yakapoa, na yawe kidogo. Baridi ya usiku ya mwezi wa 6 na wa 7 hewa ya ndani inajikunyata na kuyavuta, yanarudi kwenye ndoo yako.