Ubalozi wa Omani Dodoma: anzia kwenye foleni, si kwenye mlango wa nakshi

Mdogo wangu, nimeisoma ramani yako uliyoiweka hapa jukwaani. Mwalimu kakupa kazi ya mwaka wa mwisho, ubalozi wa Omani jijini Dodoma, akakuagiza uchanganye tamaduni mbili. Umeweka mlango wa Zanzibar mbele, minara miwili ya ngome pembeni, kuta nyeupe, na wewe mwenyewe unasema bado haujakaa sawa. Mimi ni msanifu majengo, na miaka miwili ya kazi yangu niliimalizia kwenye jengo la ubalozi mmoja Dar ambao sitautaja. Nakujibu kwa niliyoyaona pale.

Sisi nasi tulianza na mlango. Tulivuka hadi Unguja, tukampata fundi mwenye mkono wa ajabu, akachonga mvule kwa miezi minne: mnyororo ukizunguka fremu, maua chini, mfaa katikati. Halafu watu wa usalama wakaleta masharti yao. Mlango wa mbele lazima uwe wa chuma na ufunguliwe kwa umeme kutoka chumba cha walinzi. Basi mbao zetu zikapunguzwa unene, zikafungwa kwa bolti juu ya chuma. Ndani kiyoyozi usiku na mchana, nje joto na chumvi ya bahari. Mwaka haujaisha, mbao zimepinda, na ufa umeshuka katikati ya mnyororo hadi usawa wa bawaba. Mfaa kazi yake ni kuziba mwanya wa mbao mbili zinapokutana. Pale haukuziba chochote. Fundi alipoitwa auangalie, alipitisha kidole kwenye ule ufa, akasema, "Huu si mlango. Mmebandika."

Siku hiyohiyo nilitoka nje ya uzio nikakuta foleni ya viza, watu kama sitini, wamesimama kando ya barabara jua la saa sita. Mama mmoja alikuwa amemfunika mtoto kichwani kwa bahasha ya vyeti vyake. Balozi tulimchorea lango la miezi minne. Wale sitini hatukuwachorea kivuli. Nilirudi ofisini na aibu ambayo sijaisahau, maana nchi mbili hukutana zaidi kila siku asubuhi palepale kwenye foleni, kuliko zinavyokutana kwenye sherehe ya kitaifa ya mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo anza hapo. Wenzetu wa Lamu walishaichora nyumba ya namna hii zamani: unafika kwenye daka, yaani baraza ya mlangoni, kuna viti vya mawe na kivuli, unaingia tekani, chumba kidogo cha kuingilia, njia inapinda ili macho yasifike ndani, ndipo kiwanda, uwanja wa wazi, kisha misana, kumbi ndefu nyembamba, na mwisho kabisa ndani. Mgeni anaheshimiwa tangu barazani, na faragha inaongezeka hatua kwa hatua. Vijiji vya Omani navyo vina sabla, mahali pa kupokea wageni na kusuluhisha mambo, wapita njia wanapewa kahawa na tende. Sasa tazama mahitaji ya ubalozi: watu wa viza, kisha ukaguzi, kisha ofisi, kisha vyumba visivyofikiwa na kila mtu. Ni mpangilio uleule! Baada ya mabomu ya Nairobi na Dar ya tarehe 7 Agosti 1998, sheria ya Marekani ya 1999 iliweka umbali wa futi 100, kama mita 30, kati ya ukingo wa kiwanja na majengo yao mapya ya kibalozi. Omani ina masharti yake, lakini mwalimu lazima atakuuliza habari za nafasi hiyo. Wengi huiacha nyasi na maegesho. Wewe weka baraza yenye paa, maji ya kunywa na vyoo kwenye ukuta wa nje, halafu chumba cha ukaguzi kinachopinda kama tekani.

Minara iondoe. Nakuomba kabisa. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, ndiko Dodoma ya leo, na misafara hiyo, mingi ikiwa ya wafanyabiashara wa pwani na Waarabu wa Omani, ilibeba pembe na watumwa. Watemi wa Wagogo waliitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kupita na kwa maji. Mnara wa ngome ukisimama Dodoma unasema jambo ambalo si wewe wala Omani ya leo mnataka kulisema.

Kuna mchangiaji mwingine jukwaani kaandika kwamba kiwanja cha ubalozi ni ardhi ya Omani. Si kweli. Mkataba wa Vienna wa 1961, kifungu cha 22, unazuia maofisa wa nchi mwenyeji kuingia bila ridhaa ya mkuu wa ubalozi, lakini haugeuzi ardhi kuwa ya nchi nyingine. Ardhi ni ya Tanzania, na pale ni Ugogo. Sasa mlango wa Zanzibar unafanya nini Dodoma? Nyumba ya pale ni tembe: fupi, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, ua wa ng'ombe katikati. Kisha angalia picha za Al Hamra au Manah, bara ya Omani: matofali ya udongo, paa bapa la magogo ya mitende, mikeka na udongo. Udongo, paa bapa, ua. Undugu wa kweli umeukanyaga bila kuuona.

Na maji. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita za mraba 1,000 kwa milimita 550 ni lita 550,000 kabla ya upotevu. Omani wana falaj, mifereji ya maji ambayo mitano kati yake iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na taratibu yake inanigusa sana: maji hupita kwanza pa kunywa, kisha msikitini na pa kuogea, mwisho mashambani. Fanya hivyo hivyo: kutoka kwenye tangi mfereji upite kwanza barazani kwa watu wa foleni, ukishachuja maji vizuri, kisha uani, mwisho kwenye miti.

Usidhani ni ndoto. Ubalozi wa Uholanzi Addis Ababa, uliokamilika 2005, ni zege lililotiwa rangi ya udongo mwekundu wa Ethiopia, ndani kama pango, ukikumbusha makanisa ya Lalibela yaliyochongwa mwambani. Juu ya paa kuna maji ya kina kifupi kama nchi ya Waholanzi. Dick van Gameren na Bjarne Mastenbroek walifanya na ofisi ya ABBA ya hukohuko Addis, wakapata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo 2007. Hakuna bendera iliyochorwa ukutani, na kila nchi inajitambua.

Chora upya, kisha weka hapa mchoro wa jengo likiwa limekatwa katikati, kutoka barabarani hadi ua wa ndani. Onyesha jua la saa sita linaangukia wapi, na mtu wa kwanza kwenye foleni amekaa wapi.