Kabla ya kumpiga picha mpasua kuni, shika shoka

Nilizoea harusi na kipaimara za Moshi mjini. Siku niliyopata lenzi ya maana nikapanda Kibosho kwa mjomba, nikamwambia nataka picha za maisha ya kijijini. Alikuwa anapasua mti wa grevilea ulioangushwa na upepo. Nikapiga picha kama mia mbili. Usiku nazifungua kwenye kompyuta: shoka liko juu, uso umefichwa na mkono, na migomba ya nyuma imemwotea mjomba kichwani.

Kesho yake akaniambia, "Weka hilo dude chini, njoo ufanye kazi." Nikapiga pale pale kwenye fundo, shoka likanasa. Mkewe akatoka jikoni kuja kunicheka. Ndipo nikaelezwa: gogo gumu hulianzi katikati, unabandua pembeni, unaufuata ufa, fundo unalizunguka.

Tangu siku hiyo sihangaiki sana na shoka likiwa hewani. Ninasubiri mjomba aligeuze gogo na kuutafuta ufa kwa kidole gumba. Hapo mikono imetulia na uso unaonekana. Hata simu inatosha. Au shoka linaponasa, naye analinyanyua pamoja na gogo lake kulibamiza chini. Hiyo picha ina jasho.

Ukitaka vibanzi vigande hewani, weka shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, kwenye 1/1000 ya sekunde au zaidi. Kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachagga, mwanga ni haba, kahawa chini, migomba katikati, miti mikubwa juu, kwa hiyo utapandisha ISO (kiasi kamera inavyohisi mwanga) na kuvumilia chenga kwenye picha. Mimi siku hizi napenda 1/30: mwili umetulia kiasi, shoka limechora mstari. Nyingi zinaharibika. Jua likishapanda, kuanzia saa nne hivi, majani yanamwaga madoa ya mwanga usoni, na hayo hayarekebishiki. Mwezi wa saba mawingu hukaa muda mrefu na mwanga unakuwa laini. Mlima hutauona, lakini hukuja kupiga mlima.

Simama ubavuni, mbali kidogo. Si mbele, si nyuma. Vibanzi vinaruka, na kichwa cha shoka kinaweza kuchomoka. Mjomba hulilaza shoka lake kwenye ndoo ya maji usiku ili mpini uvimbe na kukaza.

Kuomba ruhusa kunaanza na shikamoo, kamera ikiwa bado begini. Tena usiwakimbilie kina mama waliobeba mizigo ya kuni wakishuka kutoka msitu wa juu mlimani. Msitu huo uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na habari ya kuni za msituni ni nyeti. Wewe unaona picha nzuri. Yeye anaona ushahidi. Niliwahi kupiga moja ya namna hiyo, mama akageuza uso akapita bila kunisalimia. Niliifuta palepale njiani. Kuni za kihambani, zinazotokana na kupogoa grevilea na mikahawa, hazina maneno.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ile ya ndoo, asubuhi, shoka limelala majini. Niliichapisha kubwa nikampelekea mjomba. Akaiangalia, akaigeuza nyuma, akauliza, "Sasa mimi niko wapi hapa?"