Wadogo zangu, someni mpaka Oktoba

Wiki hii nimekalia kiti cha jaji wa mazoezi ya mooti, yale mashindano ya kesi za kubuni, siku nne mfululizo. Katika siku hizo nimeona watu watatu wakisimama, wakinyoosha koti, wakisema "Waheshimiwa", kisha wakifungua utetezi wa Ibara ya XX ya GATT, ule mkataba wa biashara ya bidhaa, kwa shapo, yaani aya ya utangulizi ya ibara hiyo. Watatu! Huyo wa tatu nilishindwa hata kumkatiza, maana maneno yake niliyajua moja baada ya jingine, na nilijua yametoka wapi. Nitafika huko. Kwanza nimalize yale yanayoniudhi kwa kiwango cha kawaida.

1. Jina la kozi, Sheria ya Biashara ya Kimataifa, linadanganya. Ni nyumba mbili zenye kibao kimoja mlangoni. Kwenye nyumba ya kwanza zinashtakiana serikali: GATT ya bidhaa, GATS ya huduma, TRIPS ya miliki ubunifu na ukoo wote wa WTO, Shirika la Biashara Duniani. Kwenye ya pili wanashtakiana wauzaji na wanunuzi: Incoterms (vifupisho kama FOB na CIF vya kugawana gharama na hatari za safari), hati za shehena, Mkataba wa Vienna wa mauzo ya bidhaa. Na hata Vienna ziko mbili, ndugu zangu. Ya 1969 ni ya mikataba baina ya nchi, ndiyo tunayoitumia kufasiri GATT. Ya 1980 ni ya mauzo. Kijana mmoja mwerevu kweli alijibu swali la ushuru wa kibaguzi kwa kurasa mbili za FOB na CIF. Kurasa safi, hazina kosa hata moja. Akapata sifuri safi vilevile.

2. "Taifa linalopendelewa zaidi" maana yake hakuna anayependelewa: unachompa mmoja, wape wote. Endeleeni.

3. Ushuru uliofungwa, yaani kikomo ulichoahidi, na ushuru unaotozwa ni vitu viwili. Nchi iliyojifunga kwa asilimia 40 na sasa inatoza 15, ikipandisha hadi 30 haijavunja Ibara ya II, kwa hiyo punguzeni sauti. Fungueni jedwali la ahadi lenyewe, msome maneno yake, hata kama yanachosha kama orodha ya vifaa vya ujenzi. Mwanafunzi anayeruka majedwali hukosa vichekesho vyote vya somo hili. Chukueni ile kesi ya kuku, Brazil na Thailand dhidi ya Jumuiya ya Ulaya, 2005. Vipande vya kuku visivyo na mifupa, vimetiwa chumvi, vimegandishwa. Vikihesabiwa ni nyama ya chumvi, ushuru ni asilimia 15.4. Vikihesabiwa ni kuku wa kugandishwa, ni euro 102.4 kwa kila kilo 100. Ulaya ikasema chumvi haitoshi mpaka iwe ya kuhifadhia nyama kwa muda mrefu, na Bodi ya Rufaa ya WTO haikukubali. Watu wazima, mawakili wa gharama kubwa, mamia ya kurasa, wanabishania chumvi. Kama hilo halikufurahishi, bado kuna nafasi kwenye sheria ya ardhi.

4. Sasa shapo.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Kwenye mooti timu yetu ilikuwa upande wa mjibu madai: nchi yetu ya kubuni ilikuwa imezuia samaki wa kigeni kwa sababu nyavu za wavuvi wao zinaua viumbe wengine. Yaani ni kesi ya kamba na kasa, ile ya Marekani kuzuia kamba waliovuliwa kwa njia zinazoua kasa, iliyovalishwa kanzu mpya. Nilipewa Ibara ya XX kwa sababu nina sauti. Timu nzima ilijua kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Mimi nilidhani ni akili.

Usomaji wangu wote ulikuwa desa. Mnalijua: kurasa kumi na nane, mwandiko unaolalia kulia, doa la chai ukurasa wa sita. Tulilirithi kwa waliotutangulia, nao walilirithi kwa wengine. Kesi ya kamba ilikuwa na ukurasa wake mzima, huohuo wa sita. Jopo, yaani wale wanaosikiliza kesi kwanza kabla ya rufaa, Mei 1998, lilianza na shapo, likaona hatua ya Marekani inauhatarisha mfumo wa biashara wa pande nyingi, basi, halikuona haja ya kugusa aya ndogo ya (g), ile ya kuhifadhi maliasili inayoweza kuisha. Mlango mmoja, ufunguo mmoja. Nikakariri.

Siku ya siku nikasimama, nikaeleza kwa madaha kwamba hatua yetu haiuhatarishi mfumo wowote, kwa hiyo imevuka shapo, na mengine yatafuata muda ukiruhusu. Jaji wa katikati, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia, akauliza kwa nini naanza na shapo.

"Ndivyo lilivyofanya jopo, Mheshimiwa."

"Na baada ya jopo?"

Hapo mwenye busara huomba sekunde chache ashauriane na mwenzake. Chini ya meza mwenzangu alikuwa tayari amenisukumia karatasi yenye neno moja kwa herufi kubwa: OKTOBA. Nikadhani ananikumbusha tarehe ya kukusanya insha. Nikasema, kwa ile sauti niliyochaguliwa kwa ajili yake, "Baada ya jopo msimamo haujabadilika, Mheshimiwa."

"Haujabadilika," akarudia polepole, akaandika.

Oktoba 1998, miezi mitano tu baada ya ripoti ile, Bodi ya Rufaa iliupindua utaratibu huo. Unaanza na aya ndogo. Hatua ikiingia humo ndipo unakwenda kwenye shapo. Bodi ilisema wazi kwamba mpangilio huo haukuja kwa bahati, ndio mantiki ya ibara yenyewe. Na ukifikiria dakika moja tu unaona kwa nini. Shapo inapima namna hatua inavyotumika, kama kuna ubaguzi usio na msingi au kizuizi kilichojificha. Utajuaje kama ubaguzi una msingi wakati bado hujauliza hatua inalinda nini? Kwenye kesi yenyewe kasa walikubaliwa kuwa maliasili inayoweza kuisha, japo wanazaana, na hatua ikapita (g). Ikaangukia kwenye shapo, kwa mambo ya utekelezaji: nchi za ukanda wa Karibi na magharibi mwa Atlantiki zilipewa miaka mitatu ya kujiandaa, wengine, wakiwemo walalamikaji wote wanne, miezi minne. Mwaka 2001, baada ya Marekani kurekebisha mwenendo wake, hatua hiyo ikapita. Mjibu madai anayeijua habari hii nzima ana hazina mkononi. Mimi niliitupa nikashika ganda.

Na hayo yote yalikuwa kwenye memoriali yetu, yale maandishi ya hoja tuliyowasilisha. Ukurasa wa 21. Mwenzangu alitumia wiki mbili kuyaandika, mimi niliyesimama kuyatetea nilikuwa nimesoma vichwa vya sehemu. Mpinzani wetu alipopewa nafasi ya kujibu alisimama, akafungua nakala yake bila haraka, akasema: "Waheshimiwa, sisi tunakubaliana na ukurasa wa 21 wa wenzetu. Asiyekubaliana nao ni wakili wao." Ukumbi ukacheka. Jaji mwenye miwani akacheka. Mimi nikacheka pia, Mungu anisamehe, kwa sababu sikujua uso wangu niufanyeje.

Mwenzangu hakunigombeza. Alikusanya makaratasi yake, akayagongagonga mezani mpaka kingo zikalingana, akayagonga tena, na tena. Ningempa chochote siku ile anigombeze. Usiku nikaisoma ripoti ya Bodi yote, toka aya ya kwanza, nikiwa na hasira iliyokosa mtu wa kumwangukia. Nilipomaliza nikachukua desa, nikaandika pembeni mwa ukurasa wa sita: IMEPINDULIWA, OKT. 1998.

Kwa penseli.

5. Ibara ya XX ni utetezi. Kwanza pawe na kosa. Mnaanza kujitetea kabla hamjashtakiwa, kama mtoto aliyekutwa karibu na sukari.

6. Rejea kwa namba ya aya. Ukurasa hubadilika kutoka nakala hadi nakala. Na ripoti ya jopo ambayo haikupitishwa, kama ile ya jodari na pomboo ya 1991, mseme hivyo mnapoitaja. Mnaruhusiwa kujifunza kwayo, ila msiisimamishe kama nguzo ya nyumba.

7. Msimshauri mteja kwamba Bodi ya Rufaa "itarekebisha kosa la jopo". Tangu Desemba 2019 haina watu wa kutosha kusikiliza rufaa mpya, maana Marekani ilizuia uteuzi wa wajumbe. Siku hizi anayekata rufaa mara nyingi ni yule anayetaka kesi ikwame, nasi tunaita kukata rufaa kwenye utupu. Baadhi ya wanachama wana mpango wao wa muda wa rufaa kwa usuluhishi, tangu 2020. Angalieni kama pande zenu mbili zimo. Nimesahihisha majibu kumi na mbili mwezi huu, na kumi yaliiandika Bodi kana kwamba inakutana kesho asubuhi.

Nirudi kwa yule kijana wa tatu. Baada ya zoezi nilimwomba notisi zake. Fotokopi ya fotokopi, mwandiko unaolalia kulia. Doa la chai sasa limekuwa wingu jeusi linalofunika nusu ya ukurasa wa sita. Hata hivyo jopo lipo, Mei 1998 ipo. Pembeni ni peupe kabisa. Penseli haikutoka kwenye mashine, na ni mimi mwenyewe niliyelirithisha lile desa mwaka uliofuata, nikiwaambia wadogo zangu kwamba nimeshalisahihisha.

Nikamwambia kijana kosa si lake. Akaniuliza ni la nani, nikajifanya natafuta miwani.

Sasa, aliye na nakala ya lile desa, yoyote ile, aniletee kabla ya Ijumaa. Ninayo kalamu ya wino mweusi, ile nene. Na aliyeshika nakala asilia, yenye doa la kahawia la kweli, huyo nitamnunulia chai, ila atainywea mbali na meza.